Mita 40 Chini ya Bandari

Tinde, 12 Septemba 2024

Kiangazi kimekaza. Lambo limebaki tope na nyayo za ng'ombe, na upepo wa mchana unapeperusha vumbi la njia panda mpaka ndani ya sufuria ya ugali. Watu wa hapa hawaielewi kazi yangu na siwalaumu. Mtoto wa Tinde anayelipwa mshahara kwa kuchomelea nguzo za gati chini ya maji anahitaji maelezo marefu, na dereva wa lori la Kigali aliyesimama jana kununua mchele hakuwa na muda huo. Aliniuliza tu kama moto unawaka majini. Nikamwambia unawaka, ni wa umeme. Akapanda gari lake akitikisa kichwa.

Jioni mdogo wangu amefika kutoka machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, nguo bado zina unga wa karasha, mashine ya kusaga mawe. Amesikia kwamba natumia likizo yangu kwenda Unguja kuzamia meli.

"Kaka, meli yenyewe ina dhahabu?"

"Haina."

"Ina nini sasa?"

"Chuma cha mwaka 1897."

"Chuma si kipo tele hapa kwa mafundi wa malori?"

Nikamweleza. HMS Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza iliyoendeshwa kwa mvuke, imelala mbele ya bandari ya Unguja kwenye kina cha mita 40 hivi. Mita 40 hazikumtisha. Yeye hushuka duara, mashimo ya machimbo, za urefu huo kwa kamba, hewa akiipata kwa bulowa na mpira. Ila duarani jabali halikugusi mpaka matimba yavunjike, na maji yanakubana kila upande tangu unapoingiza kichwa. Kila mita kumi unaongezewa mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwenye mita 40 ni mara tano, na kila pumzi unayovuta inakula hewa mara tano ya ile ya juu.

Alichukua karatasi ya hesabu za kifusi akapiga mwenyewe. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu juu ya maji anatumia lita 20 kwa dakika, chini atatumia 100.

"Dakika 24, umekwisha."

"Sikai hata hizo." Jedwali tulilofundishwa linatoa dakika tisa kwenye mita 40. Ukizidisha, naitrojeni iliyoingia mwilini ni nyingi, na huwezi tena kupanda moja kwa moja bila kusimama njiani. Ukipanda kwa pupa inageuka mapovu kwenye damu na viungo, na mapovu hayo yanapooza watu, wengine yanawaua.

"Dakika tisa," akasema, "nauli ya kwenda na kurudi." Kwa macho ya mchimbaji, hiyo ni hasara na hakuna la kubishana.


14 Septemba

Mama alinisubiri tubaki wawili.

"Hiyo ya Wazungu mnaizamia. Ya Bukoba mtaizamia lini?"

Sikuwa na jibu. Mdogo wake, mama mdogo aliyenifundisha kusoma saa, alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria. Ilikuwa Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Meli ilipinduka, na kwa saa kadhaa ikaelea kichwa chini, tumbo juu. Waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Bamba likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, ikazama mpaka chini, mita 25 hivi. Walikufa watu zaidi ya 800.

Nilikuwa mdogo, na kwa miaka mingi niliichukulia kama habari ya bahati mbaya tu. Nilipojifunza kuzamia ndipo nikaelewa kilichotokea pale. Meli iliyopinduka inaelea kwa hewa iliyonaswa ndani, na hewa hiyohiyo ndiyo wanayopumua walionaswa nayo. Toboa juu, nayo inatoka yote kwa pamoja. Hilo sikumwambia mama. Nilimwambia nitakwenda Unguja kujifunza kina na chuma, halafu tutaona.

Akachota maji bombani, akanawa. Maji hayo yanatoka Ziwa Victoria, yanachukuliwa Ihelele na kusukumwa hadi huku kwetu kwenye ukame.


Unguja, 18 Septemba

Nimefika. Safari haina la kuandika ila joto la Chalinze.

Nilitaka kuzamia tarehe 20, kwa kuwa Pegasus ilizama tarehe 20 Septemba 1914, miaka 110 kamili. Nahodha, mzee wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alisubiri nimalize.

"Shikamoo nimeitikia, na la tarehe nimelisikia. Sasa mwanangu, Maulidi yalikuwa juzi. Hiyo ishirini yenu ni mwezi kumi na sita. Bamvua hilo. Maji yote ya hapa yatakuwa yanakimbia. Nani akuzamishe?"

Kwetu bara mwezi ni mwanga wa kutembelea usiku. Huku ndio ratiba ya kazi. Mwezi mpevu unaleta bamvua, maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, na mkondo unaopita kwenye meli ile unaweza kukupeperusha kama mfuko wa plastiki. Tunangoja maji mafu, mwezi ukibaki nusu. Na hata hapo tutashuka maji yakisimama tu, kati ya kujaa na kupwa.


20 Septemba

Basi leo nimekaa nchi kavu, Forodhani, nikitazama mahali ambapo ningekuwa chini yake.

Miaka 110 iliyopita Pegasus ilikuwa imetia nanga hapa mitambo yake ikitengenezwa. Mtu wa leo haoni uzito wa jambo hilo, maana injini ya dizeli unaiwasha ukaondoka. Meli ya mvuke isiyo na moto chini ya matangi yake haiendi popote. Kupasha maji mpaka mvuke uwe na nguvu ni kazi ya saa nyingi. Alfajiri ikatokea Königsberg, manowari ya Wajerumani ambayo watu wa pwani waliita manowari ya bomba tatu. Ilikuwa imejificha delta ya Rufiji, na nahodha wake, Max Looff, alikuwa amepata habari kwamba kuna meli ya Kiingereza Unguja. Mizinga yake ilifika mbali kuliko ile ya Pegasus. Ilisimama mbali ikapiga, na mabomu ya Pegasus yaliangukia majini kabla ya kuifikia. Baada ya dakika chache mizinga ya Waingereza ilikuwa kimya. Walikufa watu 38, wakajeruhiwa 55, na mchana meli ikazama.

Königsberg nayo iliishia matopeni Rufiji, Julai 1915. Mizinga yake ikavuliwa ikapigana nchi kavu, na mmoja ulipandishwa reli ya kati, ukapita Tabora, ukafungwa kwenye Graf von Götzen huko Kigoma. Ndiyo Liemba ya leo. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, injini wakiwa wamezipaka grisi ili siku moja waje waitoe. Walioitoa ni Waingereza, mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria tena. Chombo kilichozamishwa kwa adabu hakifi haraka.

Mchana tulikwenda kisiwa cha Chapwani kwa mashua. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa hapo, chini ya miti, na kaburi lao linaeleweka ni la nani.

Tarehe 20 Septemba ina msiba mwingine. Mwaka 2018 kivuko cha Ziwa Victoria, MV Nyerere, kilipinduka hatua chache tu kabla ya kufika gati la Ukara, Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Wa kwanza kuokoa watu walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Giza lilipoingia utafutaji ukasimama hadi asubuhi. Na tarehe 22, wakati kila mtu anahesabu maiti, wazamiaji wakamtoa fundi mitambo akiwa hai. Alikuwa ndani, mahali palipobaki hewa.

Nimelifikiria hilo mpaka chakula kimepoa. Kama mmoja alidumu siku mbili, je, usiku ule wa kwanza walikuwa wangapi?


22 Septemba

Mazoezi kwenye Great Northern, meli iliyokuwa ikitandaza nyaya za simu za maandishi baharini, ikapanda mwamba wa Fawatu mwaka 1902. Maji ya mita 12, mwanga tele, mkunga akichungulia kwenye shimo la bamba. Meli nyepesi kwa mwanafunzi, haina la zaidi.

Botini tulikuwa na Mwingereza mmoja mtu mzima, mstaafu, ambaye amezamia Scapa Flow huko Uskoti, ambako Wajerumani walizamisha meli zao za kivita wenyewe mwezi Juni 1919. Saba kati ya zile kubwa bado zipo chini, nyingine zaidi ya mita 40. Maji ya huko hata kiangazi hayazidi sana nyuzi 13, na watu wanavaa suti kavu yenye nguo za sufu ndani. Maji yetu leo yalikuwa nyuzi 25, ndiyo baridi ya mwaka kwa Unguja, kusi likiwa linamalizikia. Yeye alivaa fulana. Mimi nilitetemeka ndani ya suti ya milimita tano, naye akacheka mpaka akakohoa.

Lakini alinipa somo ambalo sikulijua. Maji yanaiba joto la mwili haraka mara nyingi kuliko hewa. Hata maji ya nyuzi 25 yanaweza kumshinda mtu akikaa humo usiku kucha. Nikamsimulia habari ya fundi wa Ukara. Akanikumbusha mpishi wa Nigeria, Harrison Okene, aliyekuwa ndani ya boti ya kuvuta meli iliyozama mwezi Mei 2013. Alikaa saa 60 kwenye chumba chenye hewa kidogo, mita 30 chini, akijiinua juu ya magodoro asiguse maji. Wazamiaji waliotumwa kutoa maiti walishtuka mkono mmoja uliposhika wa kwao. Hawakumpandisha hapohapo. Mwili wake ulikuwa umejaa naitrojeni ya siku mbili na nusu, wangemuua kwa kumwonyesha jua. Walimvika vifaa, wakamwingiza kwenye kengele ya kuzamia, kisha akakaa zaidi ya siku mbili kwenye chumba cha kupunguzia mgandamizo. Baadaye naye akasomea kazi ya uzamiaji.


26 Septemba

Nimezamia Pegasus.

Nahodha aliweka boya akalitazama kwa muda mrefu. Kamba ilipolegea akasema "Haya," neno lake la kwanza asubuhi hiyo. Tulikuwa watatu na kiongozi wetu, kila mmoja na mtungi mdogo wa akiba ubavuni.

Tulishuka kwa kufuata kamba. Mita kumi, maji ya kijani. Mita ishirini, mkanda mwekundu wa glavu yangu umekuwa rangi ya matope. Wekundu ndio unaopotea kwanza. Mita thelathini, baridi imeingia shingoni na sauti ya hewa mdomoni imebadilika, imekuwa nzito na karibu sana. Hapa ndipo naitrojeni inapoanza kulevya. Wengine hucheka, wengine huogopa bila sababu. Mimi hupata uvivu wa hesabu: nilisoma kipimo cha hewa, nikakisahau, nikakisoma tena.

Halafu chini pakawa na umbo.

Usitegemee meli. Nilitegemea meli, yenye mdomo na mlingoti, na picha hiyo inatoka kwenye filamu. Pegasus iliuzwa kwa wakusanya vyuma vikuukuu mwaka 1955, na yaliyobaki ni mabamba, mbavu na vipande vya mabomba vilivyolala mchangani, vimevaa matumbawe laini. Kundi la samaki lilining'inia juu yake bila haraka. Mzia mmoja mkubwa alisimama pembeni akitutazama.

Nilikwenda kwenye bamba lililo karibu, nikawasha tochi. Rangi zote zikarudi, nyekundu, chungwa, njano, kwenye duara moja la mwanga. Na katikati ya hizo rangi nikaona kazi ya fundi. Misumari ya ribiti, imepangwa mstari mmoja, kichwa baada ya kichwa, nafasi sawa kabisa. Mwaka 1897 hakuna aliyechomelea meli. Kila kichwa kile kilipashwa moto kikawa chekundu, kikaingizwa kwenye tundu na kugongwa kwa nyundo, na mtu mwingine akiwa upande wa pili amekikingia. Baadhi vimeliwa na kutu vikabaki matundu. Vingine bado vimeshika, bamba kwa bamba. Nilipitisha kidole cha glavu juu yao. Mimi ni mchomeleaji na sijui kama kuna mshono wangu utakaodumu hivyo.

Kiongozi akagonga mtungi wake kwa kisu. Sauti ya chuma majini inatoka pande zote kwa pamoja, masikio hayajui imetoka wapi. Nilijikuta nimeshikilia pumzi, kosa linalokatazwa siku ya kwanza ya masomo. Hivyo ndivyo mlio wa kugonga unavyofika kwa aliye ndani, na wa aliye ndani unavyofika nje. Unasikika wazi, ila haukuonyeshi mlango.

Alinyoosha dole gumba juu. Dakika zimekwisha.

Kupanda kulichukua muda mrefu kuliko kukaa. Mita tisa kwa dakika, polepole kuliko mapovu yako madogo, kisha kusimama mita tano kutoka juu, ukishika kamba, meno yakigongana. Pale ndipo nilipopanga akili yangu. Kuingia ndani ya chombo kilichopinduka, gizani, mafuta yakielea, magodoro na mizigo ikiziba njia, si kazi ya kijana hodari anayeshikilia pumzi. Anahitaji kamba ya kumrudisha, tochi mbili, mtungi wa ziada kwa atakayemkuta, na mtu wa juu anayejua muda. Vyote hivyo vinaenea nyuma ya pikapu moja.

Nahodha alinipa chai ya tangawizi. "Umeiona?"

"Nimeiona, mzee."

"Imebaki kidogo. Babu yangu aliisikia ikipigwa." Akageuza boti.


28 Septemba

Jana nilipumzika kwa makusudi, na watu wakadhani nala starehe. Baada ya kina kile huruhusiwi kupanda ndege mara moja, na wengi wanasahau kwamba mlima ni ndege pia. Nyumbani ni zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Singida, ambapo basi linapita, ni kama 1,500. Naitrojeni iliyotulia ukiwa Unguja inaweza kuamka Singida.

Jambo hilohilo linahusu ziwa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya pale ni nyepesi, kwa hiyo mzamiaji anayeibuka anatoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mdogo kuliko wa baharini. Jedwali la Unguja halifai Ukerewe bila kurekebishwa. Mita 25 za MV Bukoba zinahesabiwa kama kina zaidi ya hapo. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu.

Kesho boti ya asubuhi, treni mpya ya umeme mpaka Dodoma, kisha basi.


Tinde, 2 Oktoba

Mama hajaniuliza kuhusu Pegasus. Ameuliza kama nimekula. Mdogo wangu ndiye aliyetaka kujua, na nilipofika kwenye ribiti akasogea karibu. Chuma kinachoshika miaka 127 kimemgusa kuliko vita yote ya Wazungu.

Usiku nilimwambia mama lile ambalo sikumwambia mwezi uliopita, habari ya hewa na tundu. Alinyamaza, akauliza kama waliotoboa walijua. Nikasema walitaka kuwatoa watu, kama ambavyo mtu yeyote angetaka. "Basi wafundishwe," akasema, akaenda kulala.

Nimeandika karatasi moja kwa ajili ya wavuvi wa Kirumba, Mwanza, na manahodha wa mitumbwi, kwa sababu wao ndio wanaofika kwanza, popote pale. Serikali ina wazamiaji na wameonyesha uwezo Ukara. Suala ni kilomita na saa zilizo kati yao na chombo kinachozama. Kila wilaya ya ziwani ikiwa na watu wanne waliofundishwa, mitungi, kompresa ya kuijaza na jedwali la maji yaliyo juu ya usawa wa bahari, saa hizo zinapungua. Halmashauri zinanunua vitu ghali kuliko hivyo kila mwaka wa fedha.

Ijumaa napanda basi la Mwanza kuipeleka mwenyewe. Maneno yake ni haya, na yeyote mwenye chombo ziwani ayanakili: Meli ikielea tumbo juu, usitoboe. Ifunge kwa vyombo pande zote mbili isizidi kuzama. Gonga bamba, nyamazisha injini zote, sikiliza. Ukijibiwa, endelea kujibu ili waliomo wasichoke, na mtume mtu wa mbio akamlete mzamiaji mwenye mtungi, aingie kwa chini.